Binti Ngurumo Anapanga Foleni

Mwalimu wa Sayansi alinipiga na radi mara kumi na moja. Mara ya kwanza ilikuwa radi yenyewe, ya mbinguni, Jumatano mchana, katika uwanja wa shule yetu karibu na Mukuju. Mara kumi zilizofuata ilikuwa ya penseli, ndani ya madaftari ambayo yeye aliyageuza kuwa vitabu vya katuni, na shujaa wa vitabu hivyo, Binti Ngurumo, alikuwa mimi. Alikuwa na pengo langu la meno, magoti yangu ya kugongana na sketi yangu ya shule yenye kiraka nyuma. Nilimwomba mara nyingi akiondoe kile kiraka. Alisema kiraka ni ushahidi.

Kila alipochora upya jinsi Binti Ngurumo alivyopata nguvu zake, alibadilisha jambo. Lakini ipo picha moja ambayo hakuwahi kuichora katika matoleo yote kumi. Ni ile ya mwanzo kabisa, kabla ya radi: mtu mzima anamtuma nje msichana wa miaka kumi na mitano wakati wingu limeshakuwa jeusi. Mtu huyo alikuwa yeye. Mimi nilijua, yeye alijua, na darasa zima lilijua. Niliisubiri picha hiyo kwa miaka kumi na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliisubiri kwa hasira.

Nikianza na hasira nitamwonea, maana mtu mwenyewe alikuwa kichekesho. Alikuwa mfupi, mwenye koti jeupe la maabara katika shule isiyo na maabara, na kwenye mfuko wa kifuani alikuwa na rula ya sentimita thelathini iliyochomoza mpaka karibu na kidevu. Akigeuza shingo haraka ilimchoma. Hakuihamisha hata siku moja. Aliipimia kila kitu: unene wa maharage katika sahani yako, urefu wa kivuli cha paroko, upana wa tundu la soksi yake mwenyewe, ambalo alilifuatilia kwa muhula mzima na kulichorea grafu.

Msemo wake ulikuwa mmoja, nao ulitutoa jasho. Ukimwambia umechelewa kwa sababu nyumbani ni mbali, alikuuliza, "Mbali kwa kipimo gani?" Ukisema unaumwa sana, "Sana kwa kipimo gani?" Alikwenda kwenye mazishi ya jirani wa shule, mchungaji akasema marehemu alikuwa mkarimu kupita kiasi, na Mwalimu wa Sayansi, bila nia mbaya, akanong'ona, "Kwa kipimo gani?" Alinong'ona karibu na mjane. Walimtoa msibani wakiwa wamemshika kwapa, na Jumatatu akatufundisha kwamba alitolewa kwa mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde.

Alikuwa mtu wa Busia, upande wa Kenya. Ijumaa alirudi kwake na Jumapili jioni alikuwa ameshafika tena, mkoba begani. Tulimwuliza kwa nini avuke mpaka kuja kufundisha huku kwetu Uganda, na yeye akajibu kwamba hakujua sehemu inayonguruma kama Tororo, na mwalimu wa sayansi anapaswa kuishi sayansi iliko. Jibu hilo lilitupendeza sana. Hakuna aliyekuwa amewahi kutusifia zile ngurumo, kwetu zilikuwa kero ya kuua mbuzi na kuunguza mashine ya kusaga.

Katuni aliziandika kwa Kiswahili. Darasani tulichanganyika, Jopadhola na Iteso na Wasamia wachache, na Kiingereza kilikuwa cha mtihani. Kiswahili, alisema, hakina mwenyewe humu ndani, kwa hiyo hakuna atakayemcheka mwenzake. Hiki ninachokiandika hapa nilikipata kwake, picha baada ya picha. Kile nilichokuwa nacho kabla yake kilitosha kuuzia ndizi.

Sasa niseme ilivyokuwa ile Jumatano. Mwalimu wa Sayansi alikuwa ametengeneza kipimamvua kwa mikono yake, faneli juu ya chupa ndani ya kopo la bati. Kitabu kilisema chombo hicho kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti. Alitafuta uwanja mzima mahali palipo mbali na miti, akapima hatua kwa hatua, mwisho akakisimika chini ya mlingoti wa bendera. Mlingoti ulikuwa wa chuma na ndio uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote pale, lakini haukuwa mti. Yeye alifuata kitabu.

Kusoma kipimamvua ilikuwa heshima kubwa. Kila siku saa tisa aliuliza, "Nani anakwenda?" na darasa lilivunjika kwa mikono na kelele, "Mi, ticha! Mi, ticha!" mpaka madawati yakalia. Siku hiyo wingu lilitoka upande wa Mwamba wa Tororo likiwa na rangi ya chini ya sufuria. Alitaka kipimo cha kabla ya mvua, ili baadaye apate na cha baada. Akauliza kama kawaida, tukapiga kelele kama kawaida, na kidole chake kikanichagua mimi.

Radi yenyewe sikuisikia. Nilijikuta nimekaa chini, sina viatu, nimekumbatia chupa ambayo haikupata hata ufa. Mbele yangu bata mzinga wa mwalimu mkuu, aliyezoea kukaa pale kwenye mlingoti, alikuwa amelala chali, miguu juu, na sura ya mtu aliyekatizwa maneno. Mwalimu wa Sayansi alikuja mbio, koti likipepea, akapiga magoti matopeni. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na kilichotoka ni hiki:

"Umesoma ngapi?"

Nikamwambia, "Sifuri, ticha."

Akaiandika. Nawaapia, alitoa kalamu akaandika sifuri kiganjani mwake, kisha akanibeba. Kwa miaka mingi swali lile liliniudhi kuliko radi. Baadaye nilipoanza kazi ya uhamiaji mpakani, nikawaona watu wakipokea habari za msiba mbele ya dirisha langu na kuuliza kama stempu imekauka, ndipo nilipoanza kumwelewa kidogo.

Sikio langu la kushoto halikurudi vizuri. Na hapa kuna tabia yake moja ambayo hakuna aliyeitaja shuleni, wala yeye mwenyewe. Tangu siku ile, popote tulipotembea, alikuja upande wangu wa kulia. Tukigeuka kurudi, alizunguka nyuma yangu akahamia kulia tena. Hakuniuliza sikio likoje. Alizunguka tu, kila mara, mpaka nilipomaliza shule.

Kwa jaja, yaani bibi yangu, mtu aliyeguswa na radi haingii nyumba kwa mlango mpaka aje yule mama anayewatakasa kwa majani na maji. Na yule mama alikuwa amekwenda Buhehe kumwuguza dada yake. Kwa siku kumi na sita niliingia kwetu kwa dirisha. Jaja alinipokea kwa ndani, akanivuta mikono, akanipa chakula kama mtoto mwingine yeyote. Dirishani nilikuwa mjukuu wake, mlangoni nilikuwa hatari. Shuleni mwalimu mkuu, ambaye bado alikuwa na uchungu wa bata mzinga wake, alitoa hukumu iliyowaridhisha wazazi wote.

"Hii mtoto atasoma," alisema, "lakini kwa dirisha."

Dawati langu likawekwa nje, chini ya dirisha la darasa. Wenzangu walinipitishia chaki kwa fimbo. Rafiki yangu wa kushirikiana naye mahindi alinitupia nusu yake kutoka mbali, kama unavyomtupia mbwa usiyemjua. Nililia nikiwa nje pale, na sikuona aibu, kwa sababu aliyekuwa ananitazama ni kuku peke yake.

Kisha watu wakaanza kuleta simu. Habari zilikuwa zimefika mpaka Rubongi kwamba kuna msichana ana umeme mwilini, na umeme wenyewe wa nguzo ulikuwa umekatika wiki nzima. Walisimama mstari mbele ya dawati langu. Mzee mmoja alinishikisha simu mikononi kwa heshima zote, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri.

"Kaa nayo pole pole," aliniambia. "Hii betri yake nazeeka."

Mwingine alileta betri ya redio ya gari. Mwalimu wa Sayansi alitoka nje na voltimita, akanigusisha nyaya mkono huu na mkono huu, mbele ya watu wote, akatangaza, "Sifuri!" Watu walimtazama kwa huruma. Yule mzee wa Rubongi akasema labda mashine ya mwalimu ndiyo iliyokufa.

Siku ya tatu ya dirisha, katikati ya somo la usagaji wa chakula, karatasi ilishuka kutoka dirishani ikaangukia dawati langu. Ilikuwa na picha sita. Msichana mwenye pengo na magoti ya kugongana alipigwa na radi, akainuka, akaruka angani. Chini iliandikwa: *Binti Ngurumo, sehemu ya kwanza. Ukimaliza pitisha ndani.* Nilisoma mara nne. Nikapitisha ndani. Nilisikia darasa limenyamaza, kisha mtu mmoja akacheka, kisha wote. Hawakuwa wakinicheka mimi.

Kesho yake rafiki yangu wa mahindi alileta dawati lake nje, kwa sababu aliyekaa nami ndiye angesoma karatasi kwanza. Wiki ya pili tulikuwa kumi na mmoja nje, na ndani walibaki wavivu wa kubeba madawati. Mwalimu wa Sayansi alifundisha akiwa ameegemea dirisha kwa ndani, akielekea nje, na waliobaki humo walisoma mgongo wake. Alinirudishia watu wangu kwa penseli. Hilo nalijua na nalisema, hata pale ninapomlaumu.

Yeye ndiye aliyekwenda Buhehe kumleta mama wa kutakasa, kwa baiskeli, kuku amefungwa mbele. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametufundisha kwamba radi haina chuki na mtu. Mkubwa wetu wa darasa akamwuliza, "Ticha, wewe naamini hii mambo ya majani?"

"Siamini," alisema. "Lakini kuku ni halisi, na yule mama ni halisi, na mlango ni halisi. Apite mlangoni."

Yule mama alipofika alikuta wanafunzi kumi na mmoja nje. Hakutaka kusikiliza maelezo, akatunyunyizia wote.

Alikuwa hivyo, mtu wa kufika mpaka mwisho wa hoja na kurudi kinyumenyume. Bata mzinga alikataliwa na kijiji kizima, hakuna aliyethubutu kumla mnyama wa radi. Mwalimu wa Sayansi akamchemsha na kumla mbele yetu, paja zima, akieleza joto linavyoua vijidudu. Tukampigia makofi. Dakika tano baadaye nilimwona nyuma ya jiko akisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, mara tatu, akitema upande wa machweo kama jaja anavyofanya. Na ngurumo ilipoanza, huyu mtu aliyehamia Tororo kwa ajili ya ngurumo alikaa katika chumba cha walimu na miguu yote miwili juu ya kiti.

Binti Ngurumo mwenyewe alikuwa shujaa wa kusikitisha. Muumba wake hakukubali kutia chumvi. Alipiga hesabu ya nguvu anazoweza kupata msichana kwa bakuli moja la uji, akaamua kwamba ataruka kwa mwendo wa baiskeli isiyo na mzigo, na hatapita urefu wa paa la ghala. Alisimama njiani kunywa uji. Na aliruka vibaya. Kifua hakikuwa mbele wala ngumi haikuwa imenyooka kama tulivyotarajia, aliruka wima, mkono wa kulia juu kabisa, vidole vimeachana, kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni. Tulimcheka kwa hilo. Tukamwomba mwalimu ainamishe ule mkono. Alikataa, akasema ndivyo anavyouona.

Adui wake alikuwa Jitu la Mwamba, lililoishi ndani ya Mwamba wa Tororo na kuiba kengele za shule, hata watoto wa wilaya nzima wakawa hawajui saa ya kwenda nyumbani. Jitu lilikimbilia Kenya na kengele gunia zima. Tulishika pumzi. Binti Ngurumo akaruka mpaka Busia, akafika mpakani, akatua, akapanga foleni.

Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja. Mbona asiruke juu? Jitu limepita njia ya panya, tayari liko sokoni!

"Anga nayo ina mwenyewe," Mwalimu wa Sayansi alisema.

Hakuwa anabahatisha. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amekwenda kwenye dirisha la uhamiaji akamwuliza ofisa, kwa umakini wote, mtu anayeruka hewani kwa nguvu zake mwenyewe afuate utaratibu gani. Ofisa alijikuna. Akaita mwenzake. Walijadiliana huku watu wakisubiri, mwisho wakamjibu kwamba anatua, anapanga laini, anasema anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa sababu gani. Yule mwenzake akaongeza, "Na kama ana mzigo, hiyo ni dirisha ingine." Katika vitabu vyote kumi, Jitu la Mwamba halikukamatwa hata mara moja, kwa sababu foleni ya Busia ni ndefu. Mimi nilipenda kurasa zile za foleni kuliko zote. Nadhani ndizo zilizoniajiri.

Sasa yale masimulizi ya asili. Katika toleo la kwanza radi ilimkuta tu, hakuna anayejua alifuata nini nje. Katika la pili bata mzinga naye alipata nguvu akawa msaidizi wake, mpaka mwalimu mkuu akalalamika kwamba anatoneshwa kidonda. Katika la nne alikuwa amesimama Busia, mguu mmoja Kenya na mwingine Uganda, na radi ikachelewa kupiga kwa sababu haikujua iandikishwe upande upi. Toleo la tano lilikuwa na ukurasa mzima wa hesabu. Niliyasoma yote nikitafuta ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza kila mara ulikuwa uwanja, mlingoti na msichana ambaye tayari yuko nje.

Toleo la nane lilinifikia nikiwa chuoni, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akipeleka samaki. Katika hilo Binti Ngurumo anaona wingu, anawaambia wenzake wakae, kisha anatoka mwenyewe kuwaokoa mbuzi. Nilisafiri mpaka shuleni nikiwa nimelishika. Nilimkuta akipima mlango.

"Mwalimu, huyu alitoka mwenyewe?"

"Shujaa hutoka mwenyewe," alisema, bila kunitazama.

"Na kipimamvua?"

Akapima tena mahali alipokwisha kupima. "Sentimita themanini na moja," akasema.

Sikumpigia simu kwa miaka mitatu. La tisa na la kumi yalikuja, nikayaweka juu ya kabati bila kuyafungua, halafu nikapanda kiti nikayafungua. Mbuzi walikuwa wameongezeka.

Alistaafu akarudi kwake Busia. Mimi nikaajiriwa uhamiaji, nikazungushwa vituo, na mwaka jana nikaletwa Busia, upande wetu, dirisha la wanaoingia. Nilisikia habari zake kwa wachuuzi wanaovuka kila siku. Walisema kuna mzee mwenye rula anashinda kwenye duka la fotokopi, kwamba binti mwenye duka ameziona katuni zake na anataka kuzitoa upya, za kisasa, zenye rangi. Walisema Binti Ngurumo sasa ana simu. Amevuliwa kanga aliyokuwa akijifunga mabegani anaporuka, kwa sababu ilikuwa ikinasa kwenye spoki za boda. Walisema pia kwamba kazi imekwama kwa wiki nyingi, kwa sababu yule binti wa fotokopi aliuliza swali.

Swali lenyewe nililipata baadaye kwa kinywa chake mwalimu. Yule msichana alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, anatafuna karanga, akasema, "Ticha, stori iko fiti. Lakini huyu dem alikuwa inje kufanya nini? Nani alimtuma?" Mwalimu wa Sayansi akakusanya madaftari yake akaenda nyumbani.

Alikuja kwangu asubuhi ya siku ya soko. Niliiona rula kabla ya kumwona yeye, imechomoza katikati ya vichwa vya akina mama wenye kreti za nyanya. Alikuwa amepungua, koti lilimvaa yeye. Nilijikuta mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikasimama, nikampungia apite mbele ya watu.

"Hapana!" alipaza sauti. "Hata Binti Ngurumo anapanga foleni!"

Mama wa nyanya aliyekuwa nyuma yake aliuliza, "Huyo ni nani?"

"Ofisa wako," alisema Mwalimu wa Sayansi.

Akapanga. Ilichukua karibu saa nzima, na muda wote huo niligonga mihuri bila kusoma vizuri majina ya watu, Mungu anisamehe. Zamu yake ilipofika hakusimama katikati ya dirisha kama wengine. Alijibana kwenye ukuta mpaka akawa upande wangu wa kulia.

Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na minne. Yaliyotoka ni ya kazini.

"Unatoka wapi, mzee?"

"Busia."

"Unakwenda wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa dirishani, mwanangu."

"Sababu ya safari?"

"Kusahihisha."

Akapitisha daftari chini ya kioo. Nilifungua ukurasa wa kwanza, na ilikuwa ile picha.

Alikuwa amejichora mkubwa, karibu kujaza ukurasa, koti jeupe, rula, uso bila macho. Kidole chake kilikuwa kirefu mpaka kinatisha, kimenyooka kwa msichana mdogo wa dawati la tatu. Nje ya mlango wingu lilikuwa jeusi, amelikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Watoto wengine wote walikuwa wameinamisha vichwa, mikono mapajani, na msichana naye mikono mapajani. Juu ya mwalimu yaliandikwa maneno mawili: *Wewe. Nenda.* Na chini, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Nilimtuma mimi. Wingu nililiona.*

Niliisoma nikalia, nikiwa na sare, mbele ya foleni ya siku ya soko. Nilikuwa nimeingoja picha ile muda mrefu kiasi kwamba nilidhani nitaifurahia.

"Ofisa!" mama wa nyanya aliita. "Nyanya yangu naiva hapa!"

"Ngoja, mama."

Kwa sababu picha ilikuwa na kosa. Niliitazama mikono ile mapajani na sikuitambua. Darasa letu halikuwahi kukaa hivyo saa tisa, na siku ile mimi nilikuwa nimepanda juu ya benchi. Nilikuwa nimeinua mkono mpaka bega linauma, nikipiga kelele kuliko wote, *Mi, ticha, mi*, kwa sababu kwa wiki mbili hakuwa amenichagua. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Katika hasira yangu yote nililiacha nje, kama yeye alivyojiacha nje katika vitabu vyake.

Nikachukua kalamu ya serikali, ile iliyofungwa kwa kamba. Nikaivuta juu ya daftari mpaka kamba ikakaza, nikamchora yule msichana mkono wa kulia: juu kabisa, umenyooka, vidole vimeachana. Mimi si mchoraji. Lakini nilipomaliza niliutambua, na yeye akautambua, kwa maana ulikuwa ule ule aliokuwa akiruka nao katika vitabu vyote kumi.

"Wewe ulinituma," nilimwambia. "Hilo libaki. Lakini mkono niliinua mimi, Mwalimu."

Alitoa rula mfukoni, akaiingiza chini ya kioo, akailaza juu ya mkono ule niliouchora. Alipima, akapima tena. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye koti.

"Umeuzidisha," alisema. "Mkono wa mtoto hauwi mrefu hivi."

"Kwa kipimo gani?" nikamwuliza.

Akacheka, kamasi na machozi pamoja, mpaka mama wa nyanya akacheka naye bila kujua kwa nini. Nikaandika katika fomu, mahali pa sababu ya safari, *kusahihisha*, nikamgongea muhuri. Alichukua daftari lake, akasogea kando kwa adabu, na yule mama akasukuma kreti mbele, akaniambia, "Haya, sasa mimi."